Kava Inaweza Kufikia Orijino? Muulize Daudi Kabaka



Hii stori imenikaa rohoni wiki mbili sasa. Nilikuwa na klipu ya dakika nne kwenye simu, ya mjomba wangu akipiga kibodi na kuimba "Malaika" kwenye harusi moja upande wa Kimilili. Mjomba tulimzika mwaka jana. Hiyo klipu ndiyo rekodi pekee ya sauti yake niliyo nayo. Nikaiweka mtandaoni, na kabla hata chai ipoe nikapata ujumbe kwamba sauti imezimwa kwa sababu ya hakimiliki. Video imebaki. Mjomba anafungua mdomo, anafunga, vidole vinatembea, na husikii kitu.

Nikalalamika kidogo, vile mtu hulalamika. Jamaa mmoja akaniandikia: "Buda, usilie. Si ilikuwa kava tu?"

Sijamjibu mpaka leo. Hii ndiyo jibu. Ni ndefu, na ina historia ndani. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo hakuna lekchara atanisahihishia. Nimesoma kivyangu na nimeskiza nyimbo nyingi usiku.

Mjomba alikuwa fundi wa redio Kitale mchana na mpiga kibodi wa harusi wikendi. Alizunguka Trans Nzoia na Bungoma yote, Kiminini, Kamukuywa, Chwele, Webuye, karibu miaka thelathini. Alipiga Franco, alipiga Kenny Rogers, alipiga Jim Reeves, alipiga "Hotel California" ya Eagles, alipiga Fadhili William. Wimbo wake mwenyewe hakuna hata mmoja. Ukimsifu alikuwa anacheka na kusema, "Mimi nakopi tu." Kwa hivyo ukiniuliza kama kava inaweza kufikia orijino, kwangu hilo si swali la kupiga nalo soga. Ni kuuliza kama huyo mzee alipoteza miaka thelathini.

Tuanze na huyu Daudi Kabaka.

Kama umekulia huku Magharibi, wazee wako wanamjua. Alizaliwa Kyambogo, Uganda, mwaka wa 1939, wazazi wake Waluhya wa Kenya. Miaka ya sitini alikuwa Nairobi akirekodi na watu wa Equator Sound, nyumba moja na Fadhili William, na watu wakamwita mfalme wa twisti. "Harambee Harambee" iliyokuwa ikipigwa sana redioni ni yake. "Msichana wa Elimu" ni yake.

Sasa hii twisti yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Mwaka wa 1959 mwimbaji mmoja Mmarekani, Hank Ballard, na kikundi chake The Midnighters, walitoa wimbo unaitwa "The Twist". Waliuweka upande wa pili wa santuri, ule upande ambao kampuni haitegemei. Mwaka uliofuata kijana anaitwa Chubby Checker akaurudia wimbo huo huo. Ukapanda mpaka namba moja Marekani mwaka wa 1960, ukashuka, halafu ukarudi tena namba moja mwaka wa 1962. Dunia nzima ikaanza kuzungusha kiuno. Uliza mtu leo twisti ni ya nani, atakwambia Chubby Checker. Ballard hata hatajwi.

Kwa hivyo ile dansi iliyofika Nairobi ilifika ikiwa tayari ni kava. Halafu Kabaka na wenzake wakaichukua, wakaichanganya na mapigo ya kwela yaliyokuwa yametoka Afrika Kusini, wakaweka Kiswahili na gita la kwetu, wakaiita African Twist. Je, Kabaka alikuwa anakopi? Mimi nasema hapana. Alichukua msingi wa jirani, nyumba akajenga yake. Ukiingia ndani unajua uko kwa nani.

Halafu gurudumu likazunguka likarudi lilikotoka. Kabaka alikuwa na wimbo unaitwa "Helule Helule". Mwaka wa 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurekodi upya, na ukafika namba 14 kwenye chati za Uingereza. Soma tena polepole. Miaka mitano tu baada ya uhuru, wimbo wa Mluhya ulikuwa kwenye ishirini bora za wale waliokuwa wanatutawala. Niliuliza vijana kumi hivi pale stendi ya Kitale nikingoja gari ijae. Beatles wote wanawajua. Huu wimbo hakuna aliyekuwa ameuskia, na mmoja alinibishia kabisa.

Hao Tremeloes si watu wadogo. Walitoka Dagenham, na tarehe 1 Januari 1962 kampuni ya Decca iliwafanyia majaribio siku moja na Beatles. Decca ikawachukua Tremeloes, wakati huo wakiwa na mwimbaji wao Brian Poole, na Beatles ikawaambia waende nyumbani. Ni moja ya makosa makubwa kwenye historia ya muziki. Lakini angalia nyimbo zilizowapa Tremeloes jina. "Twist and Shout" ya 1963, kava. "Do You Love Me" ya 1963, iliyofika namba moja, kava ya The Contours. "Silence Is Golden" ya 1967, namba moja tena, kava ya The Four Seasons. Bendi ilijengwa na nyimbo za watu. Wakati walipofika kwa Kabaka, walikuwa wanafanya kazi yao ya kila siku.

Nimeskiza "Helule Helule" zote mbili, moja baada ya nyingine, na masikioni nimeweka zile spika ndogo nzuri. Ya Tremeloes imejaa nguvu. Sauti nyingi zinaingia pamoja, wanaimba kama watu walio katikati ya sherehe. Ni kava nzuri, sitadanganya. Ya Kabaka haina haraka. Gita linatembea kama mtu anayetoka sokoni jioni, na sauti inakuambia jambo kama anayekujua. Nadhani tofauti ni hii: kwa Tremeloes neno lenyewe "helule" ni mlio mtamu. Kwa Kabaka ni mdomo wake wa kawaida. Wao walipenda sauti ya wimbo. Yeye alikuwa anaishi ndani yake. Kwa hivyo hapa orijino imeshinda, lakini si kwa mabao mengi.

Sasa kabla hujafurahi ukasema orijino hushinda kila siku, ngoja.

Turudi kwa ile "Twist and Shout". Watu wengi wanadhani ni ya Beatles. Waliojifunza kidogo watakwambia hapana, ni ya Isley Brothers, 1962. Ukweli ni kwamba kundi linaitwa The Top Notes liliirekodi kwanza mwaka wa 1961, na haikwenda popote. Bert Berns, mmoja wa waliouandika wimbo, hakupenda vile ulirekodiwa. Akaenda akasimamia mwenyewe rekodi ya Isley Brothers, na hapo ndipo wimbo ulipopata roho. Halafu tarehe 11 Februari 1963 Beatles wakaingia studio London kurekodi karibu albamu nzima kwa siku moja. "Twist and Shout" waliiacha ya mwisho juu John Lennon alikuwa na mafua na walijua ingemmaliza koo. Ile sauti ya kukwaruza unayoiskia ni koo la mgonjwa, saa za usiku. Hakuna anayetafuta ya Top Notes leo isipokuwa watu kama mimi wasio na kazi.

Kwa hivyo orijino inaweza kuwa mbovu. Kuwa wa kwanza ni tarehe tu. Haikupi ubora.

Kuna mifano mingine mikubwa. Otis Redding aliimba "Respect" mwaka wa 1965, mwanamume anadai heshima akirudi nyumbani. Aretha Franklin akaichukua mwaka wa 1967, na ikiwa mdomoni mwa mwanamke maana yote ikageuka. Bob Dylan alitoa "All Along the Watchtower" mwaka wa 1967, gita kavu na harmonika. Jimi Hendrix akaitoa mwaka uliofuata, na ikawa kama radi imeingia nyumbani. Dylan mwenyewe baadaye akawa anaupiga wimbo wake kwa kufuata njia ya Hendrix. Mwenye shamba amekuja kujifunza kulima kwa mpangaji! Na Johnny Cash, mwaka wa 2002, akiwa mzee na mgonjwa, akaimba "Hurt" ya Nine Inch Nails. Wimbo wa kijana wa miaka ya tisini ukawa wasia wa mzee. Maneno karibu ni yale yale. Aliyebadilika ni anayeyasema.

Mnaona kitu hapo? Aretha, Hendrix, Cash, hakuna aliyejaribu kufanana na orijino. Kila mmoja alikuwa na jambo lake.

Na sasa niseme kwa nini roki ni ngumu zaidi kuliko muziki mwingine kurudia. Zamani wimbo ulikuwa maneno na sauti ya kuimbia. Huku kwetu kuna "Mwana wa Mberi", wimbo wa kumkaribisha mtoto wa kwanza. Nenda Bungoma, nenda Kakamega, nenda Vihiga, kila mahali unaimbwa na kila kukhu ana njia yake. Umewahi kuskia mtu akiuliza orijino iko wapi? Hakuna. Swali pekee ni kama umemwimbia mtoto vizuri. Wimbo ulikuwa unaishi kwa kurudiwa. Ukiacha kurudiwa, umekufa.

Kilicholeta orijino ni santuri. Siti binti Saad alipotoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi, ile sauti yake, siku ile, pumzi ile, ikakaa milele. Kuanzia hapo anayekuja nyuma analinganishwa na chuma. Na roki ndiyo ilienda mbali zaidi, kwa sababu wale watu walikuwa wanatengeneza mlio wenyewe studio: gita lipi, mwangwi upi, ngoma imewekwa wapi. Ndiyo maana mtu wa gita moja hapa Kitale akianza "Hotel California" usiku wa Jumamosi, watu wote wanaimba naye vizuri mpaka mwisho, halafu wananyamaza kungoja lile gita refu. Likitoka kwa kibodi ya mchina, baa nzima inacheka. Wimbo ule si maneno tena. Ni lile gita. Huwezi kulifikia kwa kulifuata, unaweza tu kupita njia nyingine.

Mjomba hilo alikuwa analijua. Akifika pale mwisho wa "Hotel California" halifuati gita. Anapunguza mwendo, anaweka mkono wa kushoto kwa mpigo unaofanana na litungu, na anaanza kutaja wageni waalikwa mmoja mmoja. Nilikuwa mtoto, nilidhani Eagles ndio walitunga hivyo.

Sasa twende kwa "Malaika", juu huo ndio ulinifungia sauti.

Nani mwenye "Malaika"? Kenya tunasema Fadhili William, na ni kweli rekodi yake ya mwanzoni mwa miaka ya sitini ndiyo iliyoutoa wimbo nje. Watanzania watakutajia Adam Salim, aliyesema aliutunga miaka ya arobaini kwa sababu ya msichana aliyempenda. Hiyo kesi wazee wamebishana mpaka wakaingia kaburini. Miriam Makeba akaubeba. Aliimba na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965 iliyoshinda tuzo ya Grammy, na akauimba majukwaani dunia nzima. Boney M. wakautoa mwaka wa 1981. Angélique Kidjo wa Benin akautoa mwaka wa 1991. Mimi nilipokuwa mdogo nilijua ni wimbo wa Makeba, na nina hakika nusu ya mnaosoma hapa mlijua hivyo.

Ya Makeba inafikia ya Fadhili? Kiswahili si lugha ya mama yake, na ukiskiza vizuri unaskia. Lakini ile sauti inapoinuka, mimi najua ningempa mahari yote. Ya Fadhili ina unyenyekevu wa kijana ambaye kweli hana pesa. Ya Makeba ina huzuni ya mtu aliyefungiwa nje ya nchi yake. Zote zinasimama. Naweza kupenda moja bila kuitukana nyingine.

Lakini kuna upande mchungu na siwezi kuuruka. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka wa 1939. Wamarekani wakaugeuza ukawa "Wimoweh", halafu "The Lion Sleeps Tonight" ya The Tokens, namba moja mwaka wa 1961. Linda akafa mwaka wa 1962 akiwa maskini. Familia yake ilikuja kupata makubaliano ya malipo mwaka wa 2006, miaka zaidi ya arobaini baadaye. Big Mama Thornton aliimba "Hound Dog" kabla ya Elvis Presley, lakini ukisema "Hound Dog" ni Elvis anayekuja kichwani. Hapo kava haikushinda kwa uzuri peke yake. Ilishinda kwa rangi, kwa pesa, kwa redio.

Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nitukane sheria za hakimiliki, hata kama zimeninyima sauti ya mjomba. Sheria ile ile iliyoninyamazisha mimi ndiyo ningetamani ingemlinda Linda. Kabaka na Fadhili wote waliondoka mwaka wa 2001, na kama kuna shilingi moja ya wimbo wao inatembea duniani, itembee mpaka kwa watoto wao. Shida yangu ni kwamba mashine haijui tofauti ya mtu anayeiba na mtu anayeenzi. Inaskia "Malaika", inafunga mlango.

Na huku kwetu bila wanaoenzi tungekuwa tumepoteza mengi. George Mukabi wa Butsotso, yule bingwa wa gita la vidole, mwenzake akigonga chupa ya Fanta pembeni, alikufa mwaka wa 1963. Santuri zake zilikuwa chache na zimechakaa. Mwanawe Johnstone, aliyekuwa mtoto mdogo baba alipokufa, alikuja kuzipiga nyimbo za babake kwa vidole vyake. Hiyo utaiita kava tu? Mimi naiita mtoto anayejifunza kuzungumza na baba ambaye hakumjua.

Kwa hivyo hukumu yangu, na unaruhusiwa kukataa.

Kuna kopi na kuna kava. Kopi inataka udhani ni ile yenyewe. Hiyo haitafika kamwe, kwa sababu hata ikifaulu asilimia mia, imekuwa kitu ambacho tayari tulikuwa nacho. Kava inajua kwamba unaijua orijino, na bado ina neno la kukuambia. Hiyo inaweza kufika, na mara nyingine inapita. Lakini ina deni moja: imtaje mwenyewe. Tremeloes walikuwa na kipaji, lakini nchi nzima ya Uingereza ilicheza "Helule Helule" na sidhani wengi walijua kuna mtu anaitwa Daudi.

Mjomba kabla ya kila wimbo alishika maikrofoni akasema: "Huu ni wa Fadhili William." "Huu ni wa Franco." Kila harusi, kila wimbo, hata pale watu walikuwa wamelewa hakuna anayeskia. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza tukicheka. Sasa naelewa alikuwa analipa deni kwa sarafu pekee aliyokuwa nayo.

Jumapili iliyopita nilishuka Kimilili kumwona mke wa mjomba. Nikamwonyesha ile video, nikamwomba msamaha kwamba sauti imefungwa. Akasema nimwekee tu. Akaitazama kimya, simu ameishika karibu na macho. Ilipofika dakika ya tatu akaanza kutikisa kichwa polepole, na midomo ikaanza kutembea. Nikamuuliza, "Mama, unaskia nini na hakuna sauti?"

Akanionyesha vidole vya mjomba pale kwenye kibodi. "Hapa sasa anatoka kwa Kiswahili," akasema. "Anaingia kwa ile sehemu yake ya Lubukusu."

Sehemu yake. Fadhili hakuiandika, Makeba hakuiimba, na hakuna kampuni inayoimiliki. Mjomba aliitunga mwenyewe, akaificha katikati ya wimbo wa mtu mwingine kwa miaka yote hiyo, na alikuwa anatuambia anakopi tu.

Kwa hivyo wewe ndugu uliyeniandikia, jibu ndilo hilo. Ilikuwa kava, ndiyo. Ile "tu" ndiyo nimeikataa.

Mama amenifundisha hiyo sehemu. Wiki ijayo naipiga mwenyewe, bila "Malaika" mbele wala nyuma, tuone kama mashine itapata pa kushika. Na nitaanza kwa kutaja mwenyewe.